Haba Ipi

Barua ilifika Jumanne. Nimeikunja mara nne
ndani ya daftari la mahudhurio, Kidato cha Pili B.
Uzamili, hisabati tupu, miaka miwili.
Jibu kabla ya Ijumaa, saa sita mchana.

Chumbani kwangu Igogo mwamba umeingia ndani:
aliyejenga alishindwa kuuvunja, akauzungushia ukuta.
Juu yake naweka kikombe na mitihani isiyosahihishwa.
Hapo nimejaribu kwa njia ya mkinzano.
Tuchukulie kwamba siendi:
mshahara unaingia, Ndalahwa anamaliza uuguzi,
bati la mama linabadilishwa kabla ya masika.
Nimepekua mstari kwa mstari, hakuna kinachovunjika.
Tuchukulie kwamba naenda.
Hapo pia, hakuna.

"Hesabu gani tena?" aliuliza Mwalimu Bugumba ofisini.
"Kujumlisha si unajua?"
Tulicheka wote. Mimi nilichelewa kunyamaza.

Haba na haba hujaza kibaba,
ila wahenga hawakutuambia haba ipi.
Tia nusu, tia robo, tia thumni,
kila mara nusu ya ulichotia jana:
utatia mpaka wajukuu wazeeke,
na pale juu patabaki pengo la unywele.
Lakini tia nusu, theluthi, robo,
kwenye robo tu kibaba kimeshamwagika;
endelea, humusi, sudusi, haba kaidi
zinazopungua bila haraka,
na debe litafurika, na siku moja, usiniulize lini,
ziwa lote, hadi Ukerewe na ng'ambo yake.
Nilipoliona hili nilikuwa chuoni, saa nane usiku.
Nilinyanyuka nimwamshe mtu.
Sikujua nimwamshe nani.

Mwaka wa kwanza wa kazi, nikishasahihisha,
nilikaa na hesabu zangu saa nzima kila usiku.
Mwaka uliofuata, nusu saa.
Mwaka huu robo, umeme ukiwepo.

Alhamisi, Mwaloni Kirumba. Mama anapima dagaa kwa sado.
"Hizo hesabu zako, zikiisha utarudi?"
"Haziishi, mama."
Anasawazisha ukingo kwa kiganja. Mteja anasubiri.
Kisha anachota konzi moja zaidi, anaimimina juu
mpaka dagaa wanateleza mezani.
"Hiki cha juu," anasema, hanitazami, "huwa sikihesabu."
Sijui kama alikuwa anazungumzia dagaa.

Naifungua barua kwa vidole vinavyonuka samaki.
Mikunjo imeigawa vyumba kumi na sita;
nafasi ya saini iko katika kimoja, chini kulia.
Mkobani nina kalamu nyekundu tupu, za kusahihishia.
Namwuliza mteja kama ana ya bluu.