Mvua: Sifuri

Kwenye lango la mjengo wetu wa Barani
nimefunga kitambaa chekundu juu ya mlingoti.
Kikilala, mafundi hupanda.
Kikipapatika, hupanda wawili tu, wamefunga mikanda.
Kikinyooka kama mkono wa askari wa barabarani
hapandi mtu jukwaa,
hata awe nani, hata aseme nini.

Chini yake ipo chupa ya maji niliyoikata shingo
nikaichora mistari kwa wino mweusi.
Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu
naisoma, naandika daftarini:
*Mvua, milimita tisa. Upepo, kusi.
Mtaro wa nyuma umejaa, usiingiwe.*
Mafundi huniita Mama Mawingu.
Sijali. Nimewahi kuitwa vibaya zaidi.

Jumanne ile tulikuwa tumwage slabu.
Mashine imeshakodiwa, mchanga umeshachekechwa,
vibarua ishirini na sita wamekunja suruali.
Nikaliona wingu upande wa Mambrui,
zito, rangi ya ini.
Redio ilikuwa imesema tangu jana.
Nikamwambia Kitsao: hatumwagi.
Akanitazama kama aliyeambiwa arusi imeahirishwa
na pilau imeshaiva.
Akampigia mwenye mjengo.
Mwenye mjengo yuko Nairobi, kwake kumekauka.
"Utalipa wewe?"
Nikasema, zege changa likinyeshewa
huoshwa uso, simiti ikaenda zake,
ukabaki mchanga unaojifanya jiwe.
Na watu watalala chini yake, nikasema.
Alikuwa ameshakata simu.

Tukafunika. Magunia ya simiti juu ya mbao,
turubai mbili, mawe pembeni.
Tukapanga viroba vya mchanga kwenye mteremko,
maana maji ya simiti yakishuka pale
huingia kisimani kwa Hawe Mbodze,
naye hana kisima kingine.
Kisha tukakaa chini ya mabati, tukaingoja.

Saa nne.
Saa sita.
Saa nane wingu likageuka polepole
kama mgeni aliyekosea mlango,
likaenda kunyesha Gongoni.
Jua likatoka.
Kibarua mmoja akajifunika karai kichwani,
akakimbia uwanja mzima akilia "nimelowa, nimelowa!"
Wote wakaangua kicheko. Na mimi, kidogo.
Jioni nikaandika:
*Mvua, sifuri. Kazi, hakuna. Hasara, siku moja.*
Sikuandika samahani.

Stoo, nyuma ya makoleo,
imetundikwa kofia ngumu ya manjano
yenye jina Mwarandu.
Ulikuwa mjengo mwingine, mwaka mwingine,
daftari hatukuwa nalo.
Usiku ilinyesha, asubuhi jua likawaka,
kuta za mtaro zikaonekana zimekauka.
Zilionekana.
Alishuka kuchukua sepeto aliyoisahau.
Udongo haukupiga kelele.
Ulikaa tu, kama mtu mzima anavyokaa kitini.

Walinikata mshahara wa siku ile.
Nimepiga hesabu: haufiki magunia mawili ya simiti.

Ijumaa tukamwaga, tukaanza kwa taa,
jua lilipopanda tumeshamaliza.
Tukalilaza zege chini ya magunia yaliyoloweshwa,
tukalinywesha maji siku saba, asubuhi na jioni,
kama mgonjwa wa homa,
maana jua nalo huua, bila haraka:
hukausha juu, ndani kukabaki nyufa
zinazosubiri mwenye nyumba ahamie.

Sasa Kitsao akifika haniamkii kwanza.
Hutazama mlingoti,
kisha hutazama mimi,
kisha ndipo husema habari za asubuhi.
Hajasema nilikuwa sahihi. Sikuwa. Mvua haikuja.

Leo chupa ina milimita tatu
na mdudu mmoja, amekufa.
Nimeandika vyote viwili.