Doti Ishirini na Tatu

Siku ya arobaini, Mtamwini, ghorofani,
wanawake wamekaa duara wanamgawa mtoto
kama warithi wanaogawa shamba la minazi.
Mato ni ya Kupi, asema mmoja, na hakuna anayebisha.
Kidevu ni cha kina Bwanamaka.
Vidole vya miguu (mkunga mwenyewe alicheka)
ni vya marehemu Shee Famau, aliyekuwa hapati viatu.
Pua ikagombewa mpaka kahawa ikapoa.
Kikabaki kitundu, kama alama ya sindano,
juu ya shikio la kushoto.
Hakina mwenyewe.
Bi Zamzam, mama wa baba, akavuta pumzi
akamtazama mkwewe kidogo zaidi ya inavyotosha.

Mimi nafundisha bayolojia, kidato cha tatu.
Nimelichora jambo hili kwa chaki miaka kumi na moja,
na kila mwaka naulizwa: Mwalimu, litatoka kwenye mtihani?
Leo chaki sina. Mbele yangu kuna kapu la nguo za uzazi.
Nikatoa leso.

Kila mtu, nikasema, ana doti ishirini na tatu ndani ya seli.
Kipande kimoja cha mama, kimoja cha baba,
kimo sawa, jina mbalimbali.
Ukitaka kuzaa huwezi kupeleka doti nzima nzima:
mwenzio naye akileta zake,
mtoto atafungashwa nguo za watu wawili.
Lazima utenganishe.
Lakini kabla ya mkasi, vipande hulazwa kifua kwa kifua,
na hapo, gizani, bila fundi,
hubadilishana pindo:
ua la huku lahamia mji wa kule,
jina la babu lakaa kwenye rangi ya nyanya.
Ndipo hukatwa. Na kipi kiende upande gani
haulizwi mtu. Ni shilingi inayorushwa
mara ishirini na tatu.
Hesabuni:
milioni nane, laki tatu na themanini na nane elfu,
mia sita na nane.
Hiyo kwa mama peke yake. Na mapindo sijayahesabu.

"Wote hao wa nini?" akauliza Tima, msusi,
mwenye watoto tisa.
Nikamkumbusha kuku wake, mwaka ule wa kideri.
Banda zima lililala, akabaki yule kishingo
tuliyekuwa tukimcheka.
Na mayai unayouza leo, Tima, ni ya nani?

Kisha nikasema lile ambalo darasani hulipitia mbio
kengele ikikaribia kulia.
Yai la mwanamke halingoji harusi kuianza kazi hii.
Huianza yeye mwenyewe angali tumboni.
Hulaza vipande, hubadilisha pindo,
halafu husimama.
Miaka kumi na mitano. Thelathini.
Kama mshonaji mwenye uzi mdomoni aliyesikia hodi.

Bi Mwanakije, mama wa mzazi, hakuwa amesema neno.
"Basi nilipokuwa na mimba ya huyu Rukiya..."
Ndiyo.
"Mume wangu kalazwa Mombasa, nami nashona kofia hadi alfajiri..."
Ndiyo.
"Na mjukuu alikuwamo?"
Nusu yake. Pindo lake lilikwisha kubadilishwa.
Akahesabu kwa vidole, akaacha, akautazama ukuta.
"Nami nikila chokaa ya hapo," akasema,
akaonyesha shimo chini ya kidaka.

"Na hiki kitundu?" Bi Zamzam hajakubali.
Hiki sijui, nikamwambia.
Huenda ni cha mtu wenu
aliyevaa kilemba maisha yake yote.
Tima akacheka kwanza. Rukiya akacheka mwisho.

Mtoto akapiga chafya. Ni wa kike.
Nikamfunika kwa kile kipande kimoja.
Ndani yake, watu tusiojua majina yao
wamelazwa kifua kwa kifua,
uzi mdomoni.