Kiti cha Mzee Kulwa

Fomu inauliza: kazi.
Nikiandika "mshauri" naona haya,
maana ushauri sina.
Kazi yangu ni kukaa.
Kila Alhamisi, saa tatu, ukumbi wa Isevya,
nafungua madirisha, nafuta vumbi,
napanga viti tisa, jagi la maji, sahani ya michembe,
kitambaa kimoja kwa kila kiti.
Kisha nakaa.

Mafunzoni tuliambiwa:
usimguse mtu kabla hajakugusa,
usiahidi,
usilie ukamzidi mwenye msiba.
Hilo la tatu nililivunja siku ya kwanza.
Bi Nyamizi akanisogezea kitambaa chake:
"Shika, mwanangu. Wiki ijayo zamu yangu."

Wote ni wa shule ile ya bweni
ambayo leo ni ghala la tumbaku.
Walichukuliwa meno ya mbele hayajarudi,
wakanyolewa, wakashonewa namba kwenye kola.
Na ulikuwapo mfupa.
Mfupa wa goti la ng'ombe, umetobolewa, umetiwa kamba.
Ukiteleza ukasema Kinyamwezi, unavikwa.
Unakula nao, unasali nao, unalala nao,
na njia ya kuuvua ilikuwa moja:
umsikie mwenzio anateleza,
ukaseme.

Mzee Kulwa huja kwa baiskeli kutoka Ndevelwa.
Baba yake aliitwa Mihayo, yaani maneno.
Kiswahili cha mzee kimenyooka kama shati la pasi,
hakina hata kifungo kilicholegea.
Miezi minne alisimulia nyuki tu:
mizinga, moshi, mwaka ule miombo ilipogoma kutoa maua.
Sikumuuliza kitu.
Ya moyoni hayaitwi kwa filimbi.

Hadi Alhamisi moja mvua ikaponda bati,
naye akaongea na bati, si na sisi:

"Doto alikuwa anaota.
Akaita mayu.
Mara moja tu. Mayu.
Siku ya nne mfupa uko shingoni mwangu,
umenichubua, hapa.
Asubuhi nikaenda kusema."

Hakuna aliyesema pole.
Pole ilikuwa ndogo, ingezama ndani ya kikombe.
Bi Nyamizi aliacha kutafuna.

"Tulikua. Tukaoa. Tukapakana mashamba.
Kila nilipomsalimu kwa lugha ya mama
alinijibu kwa Kiswahili.
Kwa adabu, mwanangu. Hakunikosea hata siku moja.
Mwaka juzi nimemzika,
adabu yake ikiwa nzima."

Sasa mimi ningefanya nini?
Mimi mtoto wa mjini, Kinyamwezi changu cha kununulia nyanya.
Nikamjazia maji.
Nikasimama mbele yake kama ndiyo kwanza amefika,
nikasema: "Mwangaluka."
Nikakosea mahali pa kupandisha sauti.
"Wee, si hivyo," akadakia Bi Nyamizi, "unasalimia au unafukuza kuku?"
Wakacheka, wanane, mapengo wazi,
wakanirekebisha kila mtu kivyake,
na hakuna aliyenyanyua kitu cha kunivika.

Nikarudia. Mzee Kulwa akafungua mdomo.
Lakini kwanza aligeuka,
akautazama mlango.

Miaka sabini na minane.
Walimu wale wamekwisha oza,
bwenini mna marobota ya tumbaku,
na bado shingo ile ilijua pa kugeukia.
Akatazama vizuri, akaridhika, ndipo akanirudia.
"Mhola," akasema.
Polepole, kama mtu anayejaribu kigingi kama kitabeba.

Fomu ina kisanduku mwishoni: matokeo.
Nimeandika: ameitikia salamu.
Mkuu wangu atauliza hayo ni matokeo gani,
nami sitakuwa na jibu la kumtosha.

Kabla ya kufunga ukumbi
nimekigeuza kiti chake.
Alhamisi ijayo, mlango atauona
bila kugeuza shingo.