Ukurasa wa 112

Fundi Mlekwa, nakurudishia viwili, cha tatu bado.
Tone la chai kwenye jalada si langu, ni la Shija,
na nimeshamchapa.

Uliniambia, ukiwa na pini mdomoni:
"Usije ukaniambia 'kizuri' basi.
Kizuri husema mgeni akishakaribishwa ugali."
Haya.

Kile chekundu sikukipenda.
Msichana anazimia mara nne kwa ajili ya mvulana, nimehesabu.
Mara ya nne yuko bombani, ndoo imejaa,
na mwandishi hasemi maji yalikwenda wapi.
Mimi nikianguka na ndoo ya lita ishirini
mama atauliza kwanza habari za ndoo.
Lakini ukurasa wa mwisho nililia.
Nililia, na bado sikipendi. Kumbe inawezekana.

Cha mpelelezi nilikimaliza usiku mmoja kwa tochi ya simu.
Muuaji nilimjua tangu sura ya pili:
mpole kupita kiasi, halafu anavaa glavu Dar es Salaam,
kwenye joto lile!
Hata hivyo nilitia komeo, nikaegemeza na kinu mlangoni.

Sasa hiki cha tatu.
Hiki kimenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka.
Kijana anapanda treni kwenda Kigoma
kumtafuta baba asiyemjua sura.
Na huyu mwandishi anajua, Fundi! Anajua!
Mvua ya Morogoro kaitandaza kurasa kumi na moja.
Watu wa Dodoma kawapa majina, madeni, hata kikohozi.
Nikawa nazihesabu stesheni kwa kidole:
Saranda, Manyoni, Itigi,
Malongwe, Goweko, Igalula,
moyo unanidunda kama siku ya matokeo,
sasa zamu yetu, sasa tunaingia sisi.

"Treni ilisimama Tabora usiku, katikati ya vumbi.
Msichana mmoja alimuuzia asali dirishani. Treni ikaondoka."

Nikadhani karatasi zimegandana.
Nikalamba kidole, nikajaribu tena.
Ukurasa wa 113, tuko Kaliua.

Ikaondoka?
Hapa treni haiondoki hivyo, Fundi, hapa inakatwa!
Mabehewa ya Mwanza huku, ya Mpanda kule,
watu wanashuka, wananawa, wanagombana, wanaoa karibu,
na wewe umewahi kumshonea abiria suruali
akaivaa, akalipa, akarudi akaikuta treni palepale.

Na huyo "msichana mmoja" ni nani?
Shangazi Nyanzala ana miaka arobaini na mitatu.
Anajua dirisha lipi limekwama na behewa lipi lina walevi.
Ana kovu gotini tangu usiku ule alipokimbilia hela yake
mpaka sakafu ya stesheni ikaisha.

Nikakifunga kitabu. Nikaapa.
Halafu nikamsomea mwenyewe, mistari ile tu,
akichuja asali jikoni kwa kipande cha khanga.
Nilitaka akasirike.

Akauliza: "Alitoa shilingi ngapi?"
Nikatazama. Haikuandikwa.
"Ahaa," akasema, "basi ndiye huyohuyo.
Ndiye aliyeondoka na chupa yangu."
Akacheka mpaka akakaa chini.
Kisha, akijifuta macho kwa kiwiko, mikono imejaa asali:
"Enhe. Baba yake alimpata?"

Sikujua. Nilikuwa nimeapa.
"Kiapo chako wewe, si changu. Soma."

Basi kila jioni nasoma, yeye anachuja.
Jana mwandishi aliieleza Malagarasi wakati wa mafuriko,
tete zimelala, maji yanapita bila sauti,
shangazi akasahau mkono hewani,
asali ikamwagika sakafuni
na sisimizi wakaja kusikiliza.
Nimemsamehe nusu.
Nusu nyingine inangoja pale, 112,
nimeikunja kona, samahani kwa kona.

Tumefika Uvinza.
Baba bado hajaonekana.
Ukipita nyumbani, Fundi, tafadhali,
usituambie.