Risasi

Jumanne Idwal Pugh alileta samaki watatu
ndani ya mfuko wa mkate,
akauweka mezani kwangu kama mtu anayerudisha deni.
"Huyu sikumvua," akasema. "Nilimwokota kwa mkono.
Kivuli changu kilimpita, hata hakushtuka."

Mkia mweusi tii, kana kwamba umechovywa wino,
na uti wa mgongo umepinda mara mbili,
herufi ambayo sikufundishwa shuleni.
Kwetu husema, samaki mkunje angali mbichi.
Huyu nani alimkunja,
akiwa yai bado, chini ya changarawe?

Ystwyth. Kwa Kiwelisi maana yake nyumbufu,
kitu kikunjikacho bila kuvunjika.
Idwal ananifundisha kulitamka. Nashindwa.
Anacheka kidogo, kisha anautazama mfuko.

Kule juu maji ni maangavu mno,
unahesabu kokoto moja moja.
Hakuna povu wala uvundo.
Hata konokono hakuna.
Ni mvua tu, inateremka kwenye vifusi vya mgodi
uliofungwa kabla mama yangu hajazaliwa,
inachukua zinki, inachukua risasi,
inashuka nazo kimya kimya hadi Aberystwyth, hadi baharini.

Nafunua matamvua: ute umeyafunika kama utando wa uji.
Alikosa pumzi
mtoni, pumzi zikipita pande zote.
Wale wawili wengine wazima kwa macho;
maini yao yanasema vingine.
Nayapima kwa miligramu.
Babu yake Idwal alichimba humo humo,
akalipwa kwa tani,
akakohoa bila malipo.

Jioni mama anapiga simu kutoka Korogwe.
Leo umeshindaje?
Nimepima samaki, mama, waliouawa na risasi.
Kimya. Nasikia redio yake, na kuku.
"Huko Ulaya wanawapiga samaki risasi?"

Nilitaka kumweleza: ni madini, mama, ni jina tu,
lugha yetu ilibana matumizi,
ikaviita vitu viwili neno moja.
Lakini fomu ilikuwa mbele yangu,
na penye *sababu* wino ulikuwa haujakauka.

Ndiyo, mama.
Aliyefyatua alikufa zamani,
kazikwa vizuri, ana jiwe na maua.
Yenyewe bado iko njiani.