Hesabu ya Mbuzi, Khasab

Matokeo yametoka saa tano asubuhi, saa zetu.
Kule kwao bado ni usiku, watu wanapeperusha vibendera,
na hapa bandarini Khasab mimi ninahesabu mbuzi.

Wanashushwa mmoja mmoja kutoka kwenye boti za injini mbili,
miguu inawatetemeka, macho ya njano.
Wamevuka usiku kucha na vijana wa ng'ambo wasiolala.
Kalamu yangu ni ya serikali.
Buti nimenunua mwenyewe.

Kwa Kunjumon, mkahawani, televisheni imepandishwa sauti.
Mtu mpya anapunga mkono. Mkewe kavaa koti la rangi ya ndimu.
Anasema neno moja, mkalimani analichelewesha,
linatufikia kwa Kiarabu likiwa limechoka kidogo:
atafunga.
Hakusema atafunga nini.
Sote tukageuka kuutazama mlango wetu wa bahari
kama mtu anayejipapasa mfukoni kuona kama pochi ipo.

Mimi sikumpigia kura. Wala Kunjumon.
Wala Isfandiari, aliyesimama mbele yangu
na risiti ya friji kumi na mbili, kalipa nusu,
ananiuliza kwa Kiarabu cha kuokoteza:
"Karani, ninunue, nisinunue?"
Kana kwamba mimi ndiye niliyeshinda.

Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.
Methali hiyo wazee walikuja nayo masandukuni
pamoja na mbuzi, ile ya kukunia nazi,
na huku haikupata pa kukaa.
Nyasi hakuna. Mlima ulitoka baharini uchi
na haujavaa kitu mpaka leo.
Tembo wapo, ila hupita mbali, wa chuma, wa kijivu,
wamebeba ndege mgongoni.

Nampigia mama, Mabela.
Yeye viongozi wa dunia huwapima kwa pishi moja.
"Huyo mpya," anauliza, "mchele utapanda?"
Mama, ndiyo kwanza kashinda, hata hajaapishwa.
Anacheka kile kicheko chake cha Wete.
"Babako alikuwa na mikarafuu mia mbili na sabini.
Siku moja mtu huko Jakarta, sura yake hatukuijua,
akatia saini karatasi: hatununui tena.
Hakutuchukia, mwanangu. Hata jina letu hakulitaja.
Karafuu zikakaa majamvini mpaka zikaota ukungu,
mimi nikauza bangili,
shangazi yako akaozwa haraka haraka."
Kimya. Nasikia mwiko ukigonga sufuria.
"Basi ninunulie magunia mawili. Yale ya kilo arobaini."

Wakubwa wa ofisini wanasema tusihofu,
sisi ni watu wa kati, tunazungumza na kila mtu.
Kweli. Tunasifiwa kwa hilo.
Lakini aliyesimama katikati ya mlango
ndiye wa kwanza kujua ukibamizwa.

Na pengine ni mtu mwema, sijui.
Pengine usiku huu, akivua viatu,
mkewe atamuuliza: kufunga nini, hasa?
naye atakuna kichwa.

Fomu inasema mbuzi arobaini na mmoja.
Nimehesabu mara mbili: arobaini na wawili.
Isfandiari anacheka, anafunua turubai.
Kazaliwa njiani, katikati ya maji,
bado mbichi, kitovu kinaning'inia.
Safu ya "alikotoka" ina nafasi ya neno moja tu.
Namnyanyua. Moyo wake unanipiga kiganjani.
Kule kwenye televisheni wameanza wimbo wao wa taifa,
Kunjumon kapunguza sauti, kuna mteja anataka chapati.

Naandika mmoja. Nafuta. Naandika wawili.
Isfandiari bado anasubiri, risiti mkononi.
"Nunua sita," namwambia.