Ratili Thelathini na Moja

Mwezi wa saba, maboga yakiwa bado ngumi za kijani,
Bwana Dekker alitugawia misumari:
kila mtoto achague lake, aandike jina,
asichimbe, akwaruze ngozi tu.
"Kovu litakua pamoja na boga," alisema.
"Rudini mwezi wa kumi mjisome."

Tumerudi.
Miti ya Michigan imeshika rangi ya kutu,
jalidi ya alfajiri ingali imelala kivulini mwa banda.
Pim anakula donati, sukari hadi kwenye nyusi.
Mama amebeba chupa ya kahawa, na blanketi,
na ile sauti yake ya siku hizi,
ya mtu apitaye chumba chenye mtoto mchanga aliyelala.
Baba anasukuma toroli tupu. Gurudumu linalia
kwii, kwii, katikati ya matuta,
naye kimya.

Mwezi wa saba watoto tulikuwa watatu.

Pim analiona lake kwanza: P, I, M,
herufi zimetanuka kama mtu anayepiga miayo.
Analikalia, anakataa kushuka.
Langu kulungu wamelitafuna. Limebaki HAN,
ile NA imo tumboni mwa mnyama fulani msituni.
Nacheka. Mama anacheka.
Hata Baba, kwa pembe ya mdomo.

Kisha gurudumu linanyamaza.

Lipo mwisho wa tuta, chini ya majani yaliyonyauka,
kubwa kuliko yetu yote mawili,
ubavu mmoja bapa, umepauka ulipolalia udongo.
MAAIKE.
A mbili zimevimba hadi zimeshikana.
Kovu limeinuka, rangi ya ganda la mkate;
ukilipapasa, unasoma hata umefumba macho.

Jina hilo halijatajwa nyumbani tangu Agosti,
tangu usiku wa begi la michezo na pikipiki,
Corbin akisubiri nje, injini ikinguruma,
taa yake ikitetemeka ukutani mwa jikoni letu
juu ya sahani ambazo hakuna aliyezigusa.
Baba alimpenda binti yake, hilo halina mbishi.
Boga alilipenda.
Ua ndilo lililomshinda.

"Tuliache," anasema. "Zito."

Mama hajibu. Anachukua ncha ya blanketi,
anafuta udongo kwenye M, kwenye K, kwenye E,
kama alivyotufuta nyuso mlangoni mwa kanisa.
Upepo wa ziwani unapita, mahindi makavu yananong'ona,
Pim anauliza kama donati zimebaki.

Baba anatoa kisu.
Anakata kikonyo, anaacha shubiri nzima,
maana boga la kikonyo kifupi halikai, huoza upesi;
hayo alitufundisha yeye mwenyewe.
Anapiga goti, analikumbatia, anainuka nalo,
shingo imejaa mishipa,
na toroli halitaki.

Kwenye mizani Bwana Dekker ana daftari,
miwani imo mfukoni.
"Pim, ratili tisa.
Hanna, lako bure, kulungu wamekwisha lipa.
Na hili la nani?"

Baba anatazama banda. Anatazama kiatu chake.
Kalamu inangoja.
"Maaike," anasema,
na neno linatoka limekwaruzika, kama lililokaa muda mrefu kabatini.
"Thelathini na moja," asema mkulima. "Limekua!"
"Amekua," asema Baba.
Hakuna aliyemsahihisha.

Garini tumeliweka kiti cha kati, mahali pake,
Pim amelifunga mkanda.
Kilomita nyingi tunasikia tairi tu.
Kwenye njia panda, taa nyekundu, Baba anauliza,
macho yake mbele,
"Duluth ni mwendo wa saa ngapi?"
"Kumi na moja," asema Mama.
Taa inakuwa kijani, hatuendi.
"Lakini halina haraka, Gerrit.
Umeliachia kikonyo kirefu."